Kinyozi Aliyenyoa Mlima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, majirani hawajafungua hata dirisha, na Kinyozi tayari amepiga magoti kwenye udongo mbichi, mkasi mkono wa kulia, kitana mkono wa kushoto. Mbele yake kuna msitu. Mti mrefu kuliko yote unamfika kifuani. Anapitisha kitana kwenye majani, anayainua, anakata ncha, anapuliza, kisha anajivuta nyuma kutazama, kana kwamba anasubiri mti umwambie, "Hapo sawa."

"Huyu wa pembeni anapenda kujaza masikioni," anasema, akionyesha kichaka kilichoegemea reli. "Usipompunguza kila wiki, anakwaruza mabehewa."

Hapa ni uani kwa dereva wa treni mstaafu. Kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo imelazwa reli ndogo, upana wake kama kiganja cha mkono. Inaanzia kwenye stesheni ya bati la kopo, inavuka daraja lililoundwa kwa vyuma vya mwavuli mbovu, inakipita kitalu cha mboga kwa heshima zote, halafu inazama kwenye handaki chini ya mlima unaofika kiunoni mwa mtu. Leo, Mungu akipenda, treni itatokea upande wa pili wa mlima na kurudi ilikoanzia. Haijawahi kufanya hivyo hata mara moja.

Ikizunguka, Dereva atanyolewa ndevu alizofuga kwa miaka miwili. Isipozunguka, hilo Kinyozi hataki hata kulitamka.

Ameshika mkasi tangu ujana. Duka lake ni chumba kimoja: kiti, kioo chenye ufa kwenye kona, na benchi la wanaosubiri zamu pamoja na wale ambao hawasubiri chochote ila habari. "Siku njema nanyoa vichwa kumi na tano," anasema. "Siku mbaya viwili, na kimoja ni cha mkopo." Kwa vichwa hivyo amesomesha watoto watatu, na kitinda mimba bado yuko shuleni.

Lakini uchache wa mapato sio unaomuuma. "Fundi wa nyumba akipita mtaani anawaonyesha wanawe, ile niliijenga mimi. Seremala ana makabati yake. Mimi niwaonyeshe nini? Kazi yangu jioni inafagiliwa, inatiwa kwenye ndoo. Wiki tatu haziishi, mteja karudi vilevile kama sijawahi kumgusa."

Kuingia kwake kwenye mambo ya reli kulitokana na wivu wa biashara, na yeye mwenyewe hafichi. Dereva alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Ghafla akaacha kuja. Wakati huohuo kinyozi mwingine alikuwa amefungua duka njia panda, na muziki, na feni kubwa ya kusimama. "Nikajisemea, mzee wa watu kanunuliwa kwa feni!"

Jumamosi moja akaenda kumpeleleza, akijifanya amepita kusalimia tu. Akamkuta uani, kapiga magoti, ana nyundo mkononi na ndevu za mtu aliyetoroka jela.

"Mwulize mwenyewe," alisema mke wa Dereva, ambaye kundi zima la wajenzi wa reli humwita Bibi. "Kaweka nadhiri kwa chuma."

Dereva hakuinua hata macho. "Nimeendesha treni maisha yangu yote, kijana wangu. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nataka nione moja inayozunguka ikanirudia hapahapa nilipokaa. Mpaka siku hiyo, wembe haunigusi."

Kinyozi akapiga hesabu zake. Reli ikiisha upesi, mteja atarudi upesi. Akakunja suruali.

"Nilikuja kumkomboa mteja," anasema, akicheka mpaka mkasi unatikisika. "Mteja sijampata, na Jumamosi zangu zote zimekwenda na reli." Mkewe amekwishazoea. Akiulizwa mume yuko wapi, hujibu kuwa ameenda kwa mke mwenza wa chuma.

Wengine wawili walikuwapo kabla yake. Wa kwanza ni Nesi wa wodi ya wazazi, mwenye mikono isiyotetemeka, ambaye kazi yake hapa ni kupanga mataruma, vile vijiti vya mbao vinavyobeba reli. "Nikitoka zamu nataka kushika kitu kisicholia," anaeleza. Wa pili ni Fundi Redio, mwenye dhamana ya betri na mota, mtu asiyesadiki jambo mpaka alipime. Hakuna anayelipwa. Kila Jumamosi Bibi huwapa chai, na pamoja na chai huwapa lawama ileile: "Treni isiyobeba kitu ni kelele tu."

Kwa muda mrefu kazi ilikwenda kwa mwendo wa raha, leo mataruma mawili, kesho hadithi tano. Kisha mwaka huu Dereva akaenda kupimwa macho. Presha ya macho, daktari alisema, imeshakula pande zote mbili, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha tu. Sasa Dereva huona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

"Siku ile aliporudi kutoka hospitali, hakuna aliyepiga hadithi," anasema Nesi. "Tulipanga mataruma mpaka giza likatuondoa."

Reli ikakamilika. Siku ya kuzungusha ikapangwa, majirani wakaalikwa. Na hapo ndipo Kinyozi alipofanya kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote duniani ila kinyozi.

Siku moja kabla ya shughuli alifunga duka mapema, akaja peke yake na vifaa vyake. Akautazama mlima. Nyasi zimetimka, hovyo, kila moja na upande wake. Na wageni wanakuja! "Mimi simwachi mteja aende harusini namna ile," anasema.

Alianza kwa kupunguza kidogo. Akaona kushoto kumezidi kulia, akasawazisha. Kulia kukazidi kushoto, akasawazisha tena. Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi anajua habari hiyo huishia wapi. Jua lilipozama mlima ulikuwa umebaki ngozi tupu.

"Uling'aa," anasema. "Nilijisifu mwenyewe."

Usiku ikanyesha mvua ya kumwaga. Asubuhi walipofika, nusu ya mlima ilikuwa imelala juu ya reli. Mdomo wa handaki umezibwa, mataruma ya Nesi yametawanyika mpaka kwenye mboga, na kichwa cha treni, ambacho walikuwa wamekiegesha handakini ili kisilowe, kiko ndani, kimezikwa kwenye tope.

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Fundi Redio aliinama, akachukua udongo kidogo, akausaga kwa vidole. "Nyasi ndizo zilizokuwa zinaushika," alisema, basi.

Kinyozi aliweka mkasi wake juu ya paa la stesheni, akaondoka. "Kitu kimoja nilichosaidia kujenga maishani mwangu kikabaki," anasema, na hapa kicheko chote kimemtoka, "nacho nikakinyoa kwa mkono wangu."

Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Wala ile ya pili. Siku moja katikati ya wiki, benchi likiwa limejaa, Dereva akatokea mlangoni pa duka, ameshikwa mkono na Bibi. Kinyozi alimwona akinyoosha mkono hewani, akikitafuta kiti alichokikalia miaka yote ile, akakipapasa, akakaa.

"Nikunyoe, mzee?" Kinyozi alimuuliza.

"Treni imezunguka?"

"Bado."

"Basi wembe wa nini? Nimekuja kukuchukua. Mlima una kipara, na mimi fundi mwingine wa nywele simjui."

"Mzee, mimi ndiye niliye..."

"Najua uliye nini. Kinyozi hajinyoi, ndiyo maana nimekuja mimi. Inuka."

"Na uje na ndoo yako," aliongeza Bibi. "Maji yangu ya mboga hamyagusi."

Wakaanza upya. Walichimbua mabonge ya nyasi kando ya barabara, na mizizi yake, wakayapanga juu ya mlima moja baada ya jingine na kuyapigilia vijiti. Nesi alirudia mataruma yake bila kulalamika, au tuseme alilalamika huku akiyapanga. Kichwa cha treni kilifunguliwa chote. Kinyozi akakisafisha tope kwa brashi laini anayofutia wateja shingo, na Fundi Redio akaianika mota juani mpaka vipimo vyake vilipomridhisha.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Kinyozi alipitia hapa kumwagilia. Wateja walianza kushangaa kuona udongo kwenye kucha zake. Mvua kubwa ikanyesha, akaja mbio gizani bila mwavuli, akaukuta mlima umesimama. Ikanyesha nyingine. Mlima ukasimama.

Leo majirani wamejipanga ukutani, watoto wameketi chini. Dereva amekataa kukaa penye kivuli. Amechagua mwenyewe pa kuwekewa kiti: mbele kabisa ya mdomo wa handaki itakapotokea treni, pale ambapo macho yake bado yanafika.

Fundi Redio anapima betri, anapima tena, anaunganisha. Kichwa chekundu kinatikisika, kinavuta mabehewa matatu, kinaondoka stesheni. Dereva hakioni. Ameinamisha kichwa, anasikiliza, na Nesi amesimama nyuma yake akimsimulia.

"Iko darajani. Imeshavuka. Sasa inapita kwenye mboga. Inaingia, mzee. Imeingia."

Mngurumo unadidimia ardhini. Kinyozi amechutama, kaweka kiganja juu ya mlima, kama anavyoshika kichwa cha mtoto asiyetaka kutulia.

"Tulia," anaunong'oneza. "Tulia hivyohivyo."

Kisha inatokea. Kichwa chekundu, behewa, behewa, behewa, moja kwa moja mbele ya macho ya Dereva. Inapita karibu na viatu vyake, inaelekea stesheni, haisimami, inaanza mzunguko wa pili. Watu wanapiga makofi na vigelegele. Fundi Redio, mtu mzima na kipimo chake mkononi, anaruka kama mtoto.

"Imechelewa," anasema Dereva, na machozi yanapotelea kwenye ndevu.

"Wewe enzi zako ulifika lini kwa wakati?" Bibi anamuuliza, akijifuta macho kwa upande wa kanga.

Kinyozi hangoji kuambiwa. Shuka la kunyolea alikuwa amekuja nalo, limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Analikung'uta, anamfunga Dereva shingoni, anachukua mkasi. Watoto wanasogea.

"Nitoe zote, mzee?"

"Bakisha kidogo. Tumeshaona kinachowapata walionyolewa mpaka ngozi."

Uani pote panaangua kicheko, na anayecheka zaidi ni Kinyozi. Inambidi asubiri mikono itulie kwanza. Kisha anamnyoa polepole, kwa raha ya mtu aliyengoja miaka miwili, na treni inaendelea kuwazunguka.

Kazi haijaisha. Bibi ameagiza reli ivutwe mpaka mlango wa jikoni, ili chai iwe inaletwa na behewa na yeye apumzike. Nesi amekwishapima. Itahitajika njia ya kupanda, na mlima wa pili, na mlima huo Kinyozi ameuomba uwe wake tangu bonge la kwanza. "Huo nitauotesha mimi," anasema. "Na sitaunyoa. Nitaupunguza tu."

Anataka uwe tayari mapema, Dereva akiwa bado anaweza kukiona kikombe kikija. Dereva alipofungua mdomo kuahidi jambo, wote wanne walimkatiza kwa pamoja: hakuna nadhiri tena.

Jioni wageni wameondoka. Bibi anamletea Kinyozi fagio na ndoo, lakini Kinyozi anatikisa kichwa. Analikunja shuka taratibu ili nywele nyeupe zisidondoke, analibeba mpaka mlimani, anapiga magoti. Anatenganisha nyasi kwa kitana, anazisukuma nywele kidogo kidogo kwenye mizizi, anazikandamiza kwa kidole gumba.

"Hizi sizifagii," anasema. "Zikae hapa, zisaidie kushika."