Mtihani wa Sura ya Nishati

Nilianza kujifunza Kiingereza nikiwa na miaka thelathini na sita, karani wa shule ya msingi kule Bagira. Kifaransa changu kilikuwa kinanitosha kabisa. Kilichonisukuma ni tangazo: shirika moja lililosambaza majiko yasiyokula makala mengi, yaani mkaa, lilitafuta mtu wa kuandika ripoti, na aliyeitaka kazi hiyo alitakiwa awe na cheti cha Kiingereza. Basi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, shule ikishafungwa, nilichukua basi dogo hadi Nyawera, nikapanda ngazi hadi chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu wazima wengine kumi na mmoja.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyesomea Uganda. Sarufi aliijua vizuri. Lakini tulipofika sura ya teknolojia, nishati na mazingira, nilianza kurudi nyumbani na hasira.

Kitabu chenyewe kilikuwa fotokopi ya fotokopi, picha zote zimegeuka madoa meusi. Kilitufundisha jina la mashine ya kuosha vyombo, jina la gari linalochajiwa uani, na jina la kifaa cha ukutani kinachoongeza au kupunguza joto la nyumba. Tulirudia kwa sauti moja, "thermostat, thermostat", na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Mama mmoja aliyeuza vitenge aliuliza kwa nini mtu apashe moto nyumba nzima badala ya kuvaa sweta. Mwalimu alimjibu kwamba hilo halitaulizwa.

Nilikariri nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nikiwa ndani ya basi, nikipiga muhuri kadi za wanafunzi. Asubuhi nusu ya maneno yalikuwa yamekwisha kunitoka. Neno la Kiswahili linashika kitu. Haya yalikuwa hayashiki chochote, na mimi sikujua niyatundike wapi kichwani.

Kisha tukapewa jaribio. Tulitakiwa kueleza maana ya "power plant". Hilo nililijua, kwa sababu baba yangu alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya mto Ruzizi mpaka alipostaafu, na kamusi ya simu yangu ilinionyesha kwamba ndiyo ile ile aliyoiita centrale maisha yake yote. Niliandika: mahali panapozalishwa umeme. Karatasi ilirudi na mkato mwekundu. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika jibu sahihi: mmea wenye nguvu.

Nilimfuata mezani kwake. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia kwamba "plant" ni mmea, kila mtu anajua, na kwamba mtihani hautaki mawazo ya mtu. Wenzangu wote walikuwa wameandika mmea. Nilishuka ngazi zile nikiwa na machozi ya hasira, mimi mtu mzima.

Nyumbani nilimweleza baba. Alikuwa amekaa mlangoni anatengeneza redio yake. Aliweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo miaka yote ile mimi nilikuwa nafanya kazi ndani ya muti?" aliniuliza.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumatano iliyofuata nilimkuta amevaa koti lake la kanisani na viatu vimepigwa rangi. Nilimsihi abaki. Nilimwambia atanitia aibu, kwamba mimi si mwanafunzi wa primeri. Alisema haendi kwa ajili yangu.

Alipanda zile ngazi polepole, mkono mmoja ukutani. Mwalimu aliinuka, akamwita papa, yaani baba, akampa kiti chake. Baba hakukaa. Alieleza, mbele ya darasa zima, jinsi maji yanavyoingia, jinsi yanavyozungusha turbini, jinsi walivyokuwa wakisimamisha mashine ili kutoa chupa na mifuko ya plastiki iliyotoka ziwani. Alichora kwa chaki. Watu walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mwalimu, nami nilikuwa nimeinamisha macho kwenye daftari.

Alipomaliza, mwalimu alisema taratibu, "Papa, mimi nafuata kamusi. Kamusi inasema mmea."

"Soma ile ukurasa mpaka chini," baba akasema.

Kijana alisoma mpaka chini. Chini kabisa kulikuwa na maana nyingine: mtambo. Kisha akatangaza kwamba majibu yote mawili yanakubaliwa.

Baba aliridhika. Alimpa mwalimu mkono, akashuka. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa pale na alama yangu moja iliyorudishwa, nikiwaza kwamba watu kumi na mmoja wataondoka na mmea wao na hakuna atakayewaambia kwamba walikosea.

Mtihani wenyewe ulikuja mwisho wa kiangazi. Sehemu ya kuandika niliipita vizuri. Sehemu ya kusema ilisimamiwa na mama mmoja mgeni, mkarimu, mwenye miwani na chupa ya maji mezani. Aliniuliza ninafanya nini nyumbani ili kuokoa umeme.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu Bagira umeme hauokolewi, unangojewa. Kwamba unapokuja tunakimbilia pasi na simu zote kwa pamoja. Kwamba chakula kinapikwa kwenye mbabula, jiko dogo la makala, na makala ndiyo yanayotumaliza. Niliyatafuta maneno. Kitabu hakikuwa na makala. Kurasa ishirini za nishati, na makala hayakuwemo. Nikasema, "We wait."

Mama yule alitabasamu, akarudia swali polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemsemesha mtoto.

Hapo nikampa alichotaka. Nilisema ninapunguza thermostat. Nilisema siwashi mashine ya kuosha vyombo mpaka ijae. Nilisema na ile sentensi ya gari linalochajiwa uani, yote bila kosa hata moja, kwa matamshi aliyotufundisha kijana wetu. Aliitikia kwa kichwa kwa furaha, akaandika kitu.

Nje, nikisubiri pikipiki, nilifungua kamusi ya simu. "Charcoal". Silabi mbili. Ningelikariri kwa siku moja.

Nilifaulu, na kazi niliipata. Ninaifanya mpaka leo. Sehemu kubwa ninazungumza Kimashi na wamama wa vijijini, kisha mwisho wa mwezi ninaandika ripoti kwa Kiingereza, na bado kamusi iko wazi pembeni.

Siku matokeo yalipotoka baba alinunua sambaza, dagaa wa ziwani, akazikaanga mwenyewe. Aliniuliza waliniuliza nini. Nilimwambia.

"Na ulijibu nini?"

Nilimwambia na hilo pia, lote. Alitafuna muda mrefu.

"Na yeye aliamini?"

"Aliamini, papa."

Alinisogezea sahani, nami nikala, nikiwa bado na hasira.