Mjomba wa Kwenye Daftari

Vita vilipotuchukulia wazazi, niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye soko la mtaa wetu wa Jabe ili wadogo zangu watatu wale. Chumba cha uani tulimpangisha mshairi aliyekimbia kutoka Kongo, kwa sababu ya mashairi aliyoyasoma kwenye mkutano wa kupinga serikali ya kwao. Alikuja na mashati mawili, miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya watu kumi.

Siku hizo nyumba yetu ilikuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala ndani. Askari wakipita kukagua, mtu asiye na maelezo aliweza kuondoka nao na asirudi. Niliandika jina la mshairi kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, na mbele yake nikaweka: mjomba.

"Sasa mi niko ndugu ya mama yenu?" aliuliza.

"Ndiyo. Na mujomba wa hapa hali ugali bila kuchota maji."

Akabeba ndoo.

Alichota maji miaka minne. Aliwasaidia wadogo zangu masomo ya shule, na akawaharibia lafudhi. Jumapili baada ya misa alisoma mashairi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na watu ambao mahali pengine wangeogopana walibanana kwenye benchi moja kumsikiliza. Lililopendwa zaidi lilikuwa lile la kupinga mahari. "Binti si mbuzi," alinguruma, "haulizwi bei mlangoni!" Wasichana walipiga makofi. Baba zao walitazama viatu.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaposwa. Kwetu, siku ya mahari lazima mwanamume wa ukoo aketi upande wa msichana, ajibizane na wageni, aombe ng'ombe. Baba zetu wadogo walikuwa wamekufa, au walikuwa kambi za wakimbizi Tanzania. Msichana anayeondoka bila wa kumsemea, wakwe humwona kama kitu cha kuokota njiani. Nilimwendea mshairi.

"Dada mukubwa, unataka nimeze shairi langu mbele ya Jabe muzima?"

"Nataka mudogo wangu asiitwe wa kuokota."

Alichukua ndoo, akaenda kuchota maji. Nilimwachia koti la marehemu baba mlangoni, nikaenda sokoni.

Wageni walifika saa nane mchana, kwa kuwa amri ya kutotoka nje ilianza mapema. Kiti cha mjomba kilikuwa kitupu. Niligawa Fanta. Kisha mlango wa chumba cha uani ukafunguka, mshairi akatoka amevaa lile koti. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwake. Akaketi.

Msemaji wa wakwe, mzee mcheshi, alikohoa. "Bwana, si ni wewe unasemaka binti si mbuzi? Basi tumekutii. Tumekuja mikono mitupu!"

Ua wote ukaangua kicheko. Mdogo wangu aliinamisha kichwa.

Mshairi alingoja kicheko kiishe. "Nilisema, na nitasema tena. Lakini leo mushairi amebaki chumbani. Hapa amekaa mujomba. Watu wanasema hawa watoto hawana mutu. Bei ya binti siitaki. Nataka ng'ombe moja tu, ili mwenye kuiona ajue kulikuwa mutu wa kuiomba."

Mzee hakucheka tena. Alisimama, akavua kofia. "Mujomba, ng'ombe umeipata."

Jumapili iliyofuata mshairi alisoma shairi lile lile. Nilikuwa na hofu kwamba angelibadilisha kwa ajili yetu. Alipofika kwenye mbuzi, benchi zima likaitikia: "Na ng'ombe je, mujomba?" Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akaiokota, akafunga uzi upya, akaendelea hadi mwisho bila kupunguza neno. Mdogo wangu, mchumba wa watu sasa, ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi.