Miwani Inayofuata Macho

Tangazo la mashine mpya lilinikuta dukani, mkono mmoja ukiwa ndani ya gunia la chakula cha kuku. Ninauza mbegu na dawa za mifugo mjini Nakuru, na saa za mchana wateja hupungua, kwa hiyo nilikuwa nimeegemeza simu kwenye mzani nisipitwe. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, na ninacheza gemu. Watu wakiingia sebuleni kwetu na kuona pad ya kuchezea juu ya meza huuliza watoto wangu wako wapi. Sina watoto. Huwa nawaambia wametumwa dukani, nawaacha wakae wakiwasubiri.

Matangazo ya aina hii nimeyaona mengi. Huja mtu mwenye raba nyeupe, anatembea kwenye jukwaa lenye giza, anasema hii ndiyo yenye nguvu kupita zote, halafu kisanduku kinazunguka hewani kikimulikwa kama pete ya harusi. Mimi kitu sikiamini mpaka nikione mgongo wake, pale nyaya zinapoingia. Nikiuona mgongo najua kama kitachemka, kama vumbi letu litakiua, kama stima ikipotea kitafufuka. Safari hii walionyesha miwani. Si ya kusomea. Ile minene inayofunika nusu ya uso, yenye skrini ndogo mbili ndani, moja kwa kila jicho. Nilikuwa tayari kuicheka. Kisha yule wa raba nyeupe akasema skrini hizo hukaa karibu kabisa na macho, na picha inajaa kila upande mpaka mvaaji anasahau ukuta uko wapi.

Nikaacha kucheka. Kulikuwa na mzee kwenye kaunta aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi, nami nikampa ya ng'ombe. Aliisoma chupa polepole, akaniangalia.

"Madam, mbuzi zangu si kubwa hivyo."

Nilimwomba radhi, nikambadilishia. Mawazo yangu yalikuwa yamekwenda mtaani kwetu Bondeni, kwa mama.

Na mama tunaishi pamoja, wawili tu, katika nyumba ile ile ya kanjo, ya baraza la mji, aliyoletwa kama bibi harusi kutoka Olenguruone. Baba alifariki zamani. Jioni, baada ya chakula, mimi na mama tunaendesha lori. Ni gemu la kusafirisha mizigo kwenye barabara za Ulaya: mimi dereva, yeye utingo. Anakaa kwenye kiti chake na sinia ya maharagwe mapajani, anachambua, na ananiambia nyuma kuna gari jekundu lina haraka, au kulia kumebana, ngoja kwanza. Mara ya kwanza tulipopita kwenye theluji aliacha kuchambua. Aliuliza hao watu, na baridi hiyo yote, wanapanda nini. Alikozaliwa wanajua baridi inavyoweza kuchoma viazi shambani, kwa hiyo lilikuwa swali la mtu anayejua anachouliza. Tuliendelea kuchungulia mashamba ya watu hadi tukapeleka mzigo ukiwa umechelewa.

Miaka michache iliyopita ugonjwa ulianza kumla macho. Daktari alitueleza vizuri: kando kote kuko sawa, katikati ndiko kunakokufa. Mama anasema ni kama mtu amebandika kidole chenye masizi katikati ya kila kitu. Akitaka kuona uso wako hawezi kuutazama moja kwa moja, maana utafunikwa. Inambidi ageuze shingo, aelekeze macho kwenye sikio lako au kwenye ukuta nyuma yako, ndipo uso ujitokeze kwa pembeni. Alijifundisha mwenyewe, bila mtu, na aliweza.

Lakini jaribu kumsalimia mtu nje ya kanisa huku umeangalia ukuta. Anayekupa mkono bila kukutazama anakudharau, hivyo ndivyo tulivyolelewa wote, hata yeye. Habari zikamrudia kwamba siku hizi ana maringo. Alieleza mara ya kwanza, akaeleza ya pili, akachoka kuwa mtu wa kujieleza. Akaacha kikundi cha kina mama. Akaacha kwenda sokoni, akawa ananituma mimi. Halafu mwaka huu akaanza kuacha na lori. Nilikuwa naingia barabara kuu, nikamuuliza kama kushoto ni kweupe, akasema, "Endesha tu. Mimi nasikiliza." Siku chache baadaye alianza kuzungumzia kurudi kwa kaka yake huko Olenguruone, akakae tu. Hilo la kukaa tu liliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe. Mama yangu hajawahi kukaa tu.

Ndiyo maana siku ile dukani sikuwaza gemu. Niliwaza kitu kimoja: je, akivaa hiyo, ataona?

Jioni nililiweka tangazo kwenye televisheni, nikamsogezea kiti. Aligeuza shingo, macho yakaelekea kabati la vyombo, akatulia.

"Ni nini hiyo inazunguka?"

"Miwani ya gemu."

"Nani anaizungusha?"

"Hakuna. Ni mbwembwe tu, mama."

"Na hiyo mkanda, inakaa aje juu ya kitambaa?"

Sikuwa nimefikiria. Nilirudisha nyuma, nikatazama vichwa vyote vilivyovaa miwani, na hakikuwemo hata kimoja chenye kitambaa, wala nywele zilizosukwa. Tulicheka. Nilifurahi kumsikia akiuliza, kwa sababu mtu anayekwenda kukaa tu haulizi maswali ya mkanda.

Kisha ikaja ile sehemu niliyokuwa nimeipita nikimhudumia yule mzee wa mbuzi. Ndani ya miwani, alisema yule mtu, kuna kamera ndogo zinazotazama macho yako. Pale unapoangalia, mashine inapafanya pang'ae, kila unyoya na kila jani. Pengine pote inapaacha pafifie, ili isijichoshe, kwa kuwa macho ya pembeni hayajali. Watu wakapiga makofi. Nikasimamisha vidio.

"Mbona umeisimamisha?" mama akauliza.

Nilimweleza. Kwake sijawahi kupaka mambo sukari, na hapendi.

"Kwa hivyo itasafisha mahali nimeshapoteza, na ichafue mahali nimebaki nayo."

"Inaonekana hivyo."

"Basi si ya watu kama mimi." Akainuka, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikaingia kwenye maoni ya watu chini ya vidio. Walikuwa wakigombana kuhusu uzito, kuhusu rangi, kuhusu kama waya uwe upande wa kushoto au wa kulia. Mmoja aliapa hatanunua kamwe na alikuwa amerudi kuapa tena mara kadhaa. Mimi hasira yangu ina tabia moja nzuri: ikikaa kidogo inageuka kuwa swali. Nilitaka kujua, hiyo mashine inajuaje mtu anaangalia wapi? Jicho ni jicho, halina mshale. Nikatafuta, nikasoma, na nikapata jambo lililonifanya niketi wima. Kabla ya kucheza, mashine inakuonyesha nukta, moja baada ya nyingine, na kukuomba uitazame kila moja. Inaangalia macho yako yamekaaje ukiitazama hii, yamekaaje ukiitazama ile, kisha inaanzia hapo. Kumbe haijui. Inauliza.

Sasa, mtu anayeitazama nukta kwa kuangalia kando yake, atajibiwa nini? Itamwona mwongo? Itagoma? Niliandika swali langu pale kwenye maoni. Mmoja alinijibu nimpeleke mama hospitali. Mwingine akajaribu kuniuzia kava ya simu.

Hiyo miwani mpya hata Nairobi ilikuwa haijafika. Lakini dada yake mkubwa, toleo lililotangazwa miaka ya nyuma kwa majigambo yale yale ya kufuata macho, alikuwa hapa hapa Nakuru. Mteja wangu mmoja, mwanamke anayefuga kuku wa mayai, ana chumba cha gemu ghorofani karibu na soko, na alikuwa ameagiza miwani hiyo kupitia kwa binamu yake. Akaniambia nimlete mama Jumamosi asubuhi kabla ya fujo.

"Naenda kufanya nini huko?" mama akasema. "Kuchekwa?"

"Kunisaidia. Kuna kitu nataka kujua, na bila wewe siwezi kukijua."

Ilikuwa kweli tupu. Akaenda kubadilisha kitambaa, akafunga kile cha ibada.

Chumba kilikuwa na harufu ya chipsi za jana na viti vya plastiki vilivyopangwa vizuri. Mwenye chumba alimshika mama mkono, akamkalisha kwenye kiti kisichozunguka. Alilegeza mkanda wa miwani mpaka mwisho, akaupitisha chini ya fundo la kitambaa, bila kuomba kivuliwe. Kwa hilo peke yake nilimpenda.

"Uko poa, mathe? Haikufinyi?"

"Iko sawa."

"Sasa itakuonyesha dot. Wewe iangalie tu, hiyo tu. Ikipotea ingine inakuja."

Televisheni ya ukutani ilituonyesha kile kilichokuwa ndani: giza, na nukta nyeupe. Mama aligeuza shingo kama kawaida yake. Nukta ikageuka pamoja naye, maana miwani iko kichwani. Akageuza tena. Ikamfuata tena.

"Nikiiangalia inapotea," akasema.

"Inapotea aje?" Mwenye chumba alinitazama. "Mimi naiona hapo."

Sikuwa nimemwambia habari ya macho, makusudi. Nilitaka kuona mashine itafanya nini bila kuhurumiwa na mtu. Lakini sauti ya mama ilikuwa imeanza kupungua, na niliijua hiyo sauti. Ndiyo ile ya "mimi nasikiliza".

"Mama, wacha shingo. Tumia macho peke yake. Iangalie vile wewe huangalia."

Mashine ilikataa. Maandishi yakatokea yakisema tujaribu tena. Mama alivuta pumzi, akaweka mikono magotini, na safari hii nukta ya kwanza ikakaa, ikakaa, nikaona itakaa hadi Jumapili. Kisha ikazima. Ikaja ya pili, kwenye kona. Ikazima. Ikaja nyingine. Nilikuwa nimeuma kidole na sikujua. Ya mwisho ilipozima, alama ya kijani ikatokea.

"Imeshika," mwenye chumba akasema, akiegemea kusoma. "Inasema macho yako iko sawa, mathe."

Mama hakutikisika.

"Inasema nini?"

"Macho yako iko sawa. Imejua mahali unaangalia."

Yule mwanamke hakujua alichokuwa amesema. Sikumsahihisha. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemwambia mama maneno hayo, wala daktari, wala mimi.

Akamfungulia sehemu ya majaribio: barabara, milima, asubuhi. Kulikuwa na namna ya kuonyesha kwenye televisheni kiduara cha pale mashine inapodhani mvaaji anaangalia, nikaomba kiwashwe.

"Mama, kando ya barabara kuna nini?"

Kiduara kikatembea, kikapita miti, kikatua juu ya kibao cha bluu. Kilitua juu yake hasa. Kibao kikang'aa.

"Kuna kibao. Iko na mshale, inaenda kushoto."

"Na maandishi?"

Alijaribu. "Hapana. Hiyo imenishinda."

Kwa hiyo muujiza haukutokea, na nisingependa mtu aseme ulitokea. Masizi yalibaki pale pale, na herufi zilimshinda. Lakini jicho lake, ambalo kwa mtu mwingine yeyote lilikuwa limeangalia hewani, mashine ililihesabu kwa vile lilivyokaa kwenye zile nukta. Ilikuwa imepeleka mwanga wake pale anapoona. Kama ile mpya itafanya vivyo hivyo, sijui. Kwenye tangazo hawakusema, na nimewaandikia, na nitawaandikia tena mpaka wanifungie. Nilikuwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo: vipi macho yakizidi kuharibika, vipi siku akiwa amechoka, vipi yule ambaye jicho moja linaenda huku na jingine kule. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka.

"Sasa tuanze gemu yenyewe?" mwenye chumba akauliza. "Iko ya lori, nimesikia wewe ni mtu wa lori."

"Ngoja," mama akasema. "Ile ya nukta. Irudishe kwanza."

"Lakini hiyo ilikubali, mathe. Tulimaliza."

"Najua ilikubali. Nataka iniulize tena."

Mwenye chumba akanigeukia. Nikamwashiria kwa kichwa airudishe. Giza likarudi, na nukta ya kwanza ikatokea. Mama akanyoosha mgongo, akaitazama kwa namna yake, akaitazama na iliyofuata, na kila moja aliyoitazama, mashine ilimwamini, ikaleta nyingine.