Nimeosha Slaidi ya Usaili

Leo nimefanyiwa usaili wa ukuu wa maabara hapa Musoma, nikaharibu ushahidi wangu mwenyewe.

Mama mwenyekiti wa jopo la usaili alinipa slaidi ya damu niisome kwenye darubini. Nikaandika: malaria ipo. Akainuka aje kuhakiki.

Kumbe mikono yangu ilishaisugua slaidi kwa sabuni, ikaisuuza na kuianika dirishani.

Nyie mliosoma juzi mnacheka. Miaka ile ya uhaba, chuoni tulikuwaga tunaosha slaidi moja na kuitumia tena mpaka inachoka.

"Sasa baba, nihakiki nini?"

"Usafi, mama."

Akacheka mpaka akakaa. Na yeye ni wa miaka hiyo hiyo.

Akanipa slaidi nyingine, ila safari hii sabuni akaishika yeye.

Majibu Ijumaa. Wa enzi zangu, niko peke yangu kweli?