Leo nimempa baba mkubwa shikamoo nimekaa

Jamani, sikilizeni.

Umeme umekatika hapa Kemondo, pampu yangu ikazima. Seli za mgomba ninazokuza ndani ya kipande cha silikoni, chenye mifereji myembamba kama unywele, ndiyo kwanza zimejikusanya kuwa kitonge. Zikikosa maji ya chakula zinakufa. Nikaanza kuyasukuma kwa bomba la sindano, polepole.

Baba mkubwa akaingia, katoka Rubafu.

"Shikamoo," nikasema. Nimekaa.

Mama akaganda na kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni.

"Siku hizi mnasalimia wakubwa mmekaa?" baba mkubwa akauliza.

"Baba, nikiachia hii, zinakufa."

Akainama, akachungulia kwenye hadubini yangu.

Akakiona kitonge.

Akachukua punje ya kahawa, akanitia mdomoni.

"Tafuna. Usiachie."

Umeme umerudi, kitonge kizima. Shikamoo nimeirudia, nimesimama.

Wewe ungesimama?