Punje Elfu Mbili na Arobaini na Saba

Kanuni ile niliigundua Mikumi, nikisubiri lori la kunifikisha kwetu. Safarini huwa nachezea namba. Unaanza na moja, unarudufu mara mbili, unapata nne. Toa moja, inabaki tatu. Rudufu mara tatu: saba. Mara tano: thelathini na moja. Mara saba: mia moja ishirini na saba. Zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Na hizo mara za kurudufu nazo ni tasa. Nikaamini nimepata njia ya kutengeneza tasa kubwakubwa bila mwisho.

Nikapanga kumpelekea mwalimu wangu wa hesabu, mstaafu wa Kilosa, aliyewahi kuniambia mbele ya darasa kuwa kichwa changu hakitulii.

Kwanza nilipitia kwa dada yangu, Masanze. Nilimkuta jamvini akichambua mbegu za mahindi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Safari hii umetuletea nini?"

Nikamhesabia punje 2,047, za kurudufu mara kumi na moja na kutoa moja. "Hizi huwezi kuzigawa mafungu sawasawa. Nimejaribu mpaka kumi na tatu."

"Ukachoka."

"Inatosha, dada. Shuleni hatukuvuka saba."

Dada hapandi kabla ya kugawa mbegu jamvini, fungu moja kwa kila mstari wa shamba, ajue kama zitatosha. Shamba lake lina mistari ishirini na tatu. Akaanza kudondosha punje mojamoja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka chai yangu ikapoa.

"Mistari yote imeshiba," akasema. "Themanini na tisa kila mmoja."

Nilirudia kuhesabu mwenyewe, nikiomba ibaki hata punje moja. Haikubaki.

"Usinune, mtaalamu. Si afadhali nimekuumbua mimi kuliko mwalimu wako?"

Nikachukua kalamu. Mara kumi na tatu inatoa 8,191. Sasa nilijaribu kila tasa mpaka themanini na tisa. Kigawanyo chochote kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo niliyekwisha kumpitia. Haikugawanyika. Kumi na moja imekataa, kumi na tatu imekubali. Kwa nini?

Asubuhi nilikwenda Kilosa vilevile. Mwalimu aliisoma karatasi yangu, pamoja na mstari wa kumi na moja nilioukata kwa kalamu, akavuta kiti.

"Kaa. Kumi na saba umejaribu?"