Nilimpost dereva kama marehemu, kumbe anapumua

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni yangu mwenyewe, siongezi chumvi.

Nina page ya habari hapa Arua, Uganda. Si kubwa, ila ukiwahi kupost ajali kabla ya wenzako, watu wanamiminika. Huo ndio ugonjwa wetu.

Siku hiyo natoka Koboko kwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, nakuta lori limelala ubavu. Kando yake mwanaume amelazwa, shati la kitenge lina damu, matawi yamemfunika uso. Huku kwetu maiti ya barabarani inasitiriwa hivyo hivyo, so sikuuliza mtu.

Nikapiga picha. Nikajiona muungwana kabisa, eti uso hauonekani! Nikaandika "Dereva afariki papo hapo", send. Jamani, share zilivyopanda nilikuwa nacheka peke yangu kwenye pikipiki.

Nusu saa baadaye narudi pale, "maiti" anaomba maji.

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze. Matawi? Wamama wa pale walimkinga jua tu.

Nikafuta post, lakini simu za watu utazifutaje? Dereva, anaitwa Adriko, akaniambia lile shati mama yake ndiye aliyelishona, kwao Pajulu. Tukampigia mama, asije akaliona pichani, simu inaita tu. Nikamrekodi video akimsalimia mama yake, wakampeleka hospitali, mimi nikaikimbiza pikipiki mpaka Pajulu. Vumbi lote nilimeza mimi.

Nakuta turubai ishafungwa, vilio mpaka barabarani. Mama alikuwa ametambua mishono yake kwenye picha. Nikapiga kelele kwamba Adriko yuko hai, nikamshikisha simu.

Aisee, furaha ile! Watu walilia upya, wengine wanacheza, mzee mmoja akanibeba juu juu. Hawakujua picha ni yangu.

Wiki mbili baadaye Adriko karudi nyumbani, nikaenda kuungama. Mama alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akasema taratibu:

"Mtoto yangu iko hai, mi naona. Lakini nikifunga macho, ile picha yako iko pale."

Chai ilinishinda.

Somo langu: kuficha uso si kumsitiri mtu. Mama mzazi hahitaji uso. Siku hizi nauliza kwanza, ndugu wakijua ndiyo napost, na wenzangu wakiniwahi poa tu.

Wenye kamera humu, na nyie mnaoshare bila kufikiri, nitukaneni au nishaurini. Picha nilishaifuta. Kwenye macho ya yule mama naifutaje?